Nyumba Iliyoinama

Jumapili ile niliamka nikamkuta baba nje, amesimama juu ya ngazi, anaipima nyumba yetu.

Kumkuta baba anapima kitu si jambo la ajabu. Baba ni mwashi. Tangu nipate akili nimemwona akipima meza za watu, milango ya watu, hata fremu ya picha yake ya harusi. Pale kijijini wakubwa kwa wadogo humwita Mzee Timazi, kwa sababu ya ule uzi wake wenye kipande cha chuma chini. Akishauning'iniza mbele ya ukuta, ubishi umekwisha: ukuta umenyooka au haukunyooka. Lakini nyumba yetu aliijenga mimi sijazaliwa bado, na sikuwahi kumwona akiipima hata siku moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakugeuka. Jicho moja alikuwa amelifumba, jingine limeganda kwenye uzi.

"Kuna nini na ukuta?"

"Nenda kanywe chai."

Jikoni mama alikuwa anafuta vikombe, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Ameshazunguka nyumba nzima huyo," akasema. "Nimemwita chai inapoa, ananiambia ukuta hausubiri chai. Huo ukuta tangu ujengwe umekwenda wapi?"

"Mama, si uniambie kuna nini?"

Akaweka kikombe chini. "Shangazi yako jana alipita shuleni. Ameiona picha yako dirishani kwa Mwalimu wako wa uchoraji, imewekwa ikauke. Akaja mbio kumwambia baba yako kwamba umechora nyumba yetu imelala upande kama mlevi anayetafuta njia."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Wewe unajua baba yako alisema nini? Alisema, mwanangu amesomea ramani za majengo. Mwanangu hawezi kuchora ukuta umepinda kama haujapinda. Basi usingizi ukamruka." Mama akanitazama, kicheko kimeisha usoni, kimebaki machoni tu. "Anakuamini wewe kuliko ukuta wake mwenyewe."

Niliishika ile chai nikashindwa kuinywa. Mchana wa siku hiyohiyo, Mwalimu alikuwa anakuja kumwomba baba ruhusa ya kuleta wazazi wake waje kuniposa.

*

Kazi yangu ni kuchora ramani katika ofisi ya mhandisi mjini. Siku za kazi nalala huko, mwisho wa wiki narudi nyumbani. Ni kazi ninayoipenda, kwa sababu mistari haikuulizi habari za asubuhi. Mimi watu huniwia vigumu. Mgeni akija nyumbani, nilikuwa najikunja chumbani mpaka aondoke. Mama ndiye aliyenisukuma niende kwenye darasa la uchoraji lililofunguliwa siku za Jumamosi pale shuleni. "Ukizidi kukaa ndani hivyo utaota ukungu," aliniambia. "Nenda ukapigwe upepo."

Wiki za mwanzo Mwalimu nilimjua kwa viatu. Sikuthubutu kupandisha macho zaidi ya hapo. Kiatu cha kushoto kilikuwa na tone la rangi ya buluu juu ya kidole, na kila viatu vile viliposimama nyuma yangu, mkono wangu ulisahau kazi yake.

Jumamosi moja alituambia tuchore kijiji kinavyoonekana kutoka kilimani. Nilitoa rula. Nikachora barabara, mashamba, mapaa ya bati, kisha nyumba yetu, kila dirisha mahali pake. Viatu vikaja, vikasimama.

"Nyumba hii," akasema, "inasubiri kibali cha ujenzi."

Darasa likacheka. Nilitamani ardhi inifunike.

"Samahani," akasema haraka, akachuchumaa ili sauti yake isiwafikie wengine. "Nimetania vibaya. Ni sahihi kabisa hii, mimi mwenyewe siwezi kuchora hivi. Ila nina swali. Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya baba."

"Mbona haisemi hivyo?"

Akatueleza habari za wachoraji wa zamani wa ng'ambo. Walikuwepo Waimpreshonisti, waliokwenda nje kuukimbiza mwanga, wakiuchora unavyoanguka juu ya maji na majani. Halafu wakaja wengine wakasema mwanga peke yake hautoshi. Mtu anapotazama shamba hatazami kwa macho tu, anatazama na moyo wake wote, na huo nao uingie kwenye picha. Hao wakaitwa Waposti-impreshonisti.

"Hilo jina," nikajisikia nasema, "halienei kwenye ubao wangu."

Sijui lilinitokaje. Mwalimu akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea, na mimi kwa mshangao nikapandisha macho. Ndiyo mara ya kwanza nikaiona sura yake. Nilirudisha macho kwenye viatu, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Jumamosi iliyofuata akaninyang'anya rula. Kisha akafungua boksi langu la rangi, akatoa nyeusi, akaitia mfukoni.

"Na vivuli nitavichora na nini?"

"Kivuli hakina weusi unaoudhania. Kitazame kile cha tangi la maji. Usinijibu upesi. Kitazame tu."

Nilikitazama mpaka macho yakaanza kuniuma, na polepole, kama mtu anayetokea ukungu ukiondoka, nikaiona: zambarau. Kivuli cha tangi la maji la shule, nililopita mbele yake utoto wangu wote, kilikuwa zambarau na pembeni kina kijani. Tangu siku ile sijakiona tena kivuli cheusi. Kuna watu hupewa pete, hupewa maua. Mimi nilipewa vivuli, na kila asubuhi ninapofungua dirisha nashukuru upya.

Alinifundisha kuupaka ubao wote rangi ya machungwa kwanza, halafu kuijenga picha juu yake na kuacha machungwa yachungulie hapa na pale. Alinifundisha kuzungushia vitu mstari mzito wa buluu, kuweka nyekundu ubavuni mwa kijani bila kuzichanganya ili zishindane zenyewe, kuipeleka brashi kwa mikato mifupi inayofuata matuta ya shamba. Alipotaka kunionyesha alikuwa anauliza kwanza, "Naruhusiwa?" ndipo anashika ncha ya brashi yangu, juu ya vidole vyangu, bila kuvigusa. Nafasi ile ndogo iliyobaki kati ya vidole vyake na vyangu, nililisikia joto lake mpaka nyumbani.

Siku niliyomaliza picha ya kijiji alisimama nyuma yangu. Wenzangu walikuwa wameshaondoka. Akasema, "Nataka kuja kumwona baba yako. Na si kwa ajili ya picha."

Nikachukua brashi, nikaanza kuiosha kwenye tapentaini. Nikaiosha, nikaiosha, mpaka nywele zikaanza kung'oka.

"Hiyo ni ndiyo," akauliza taratibu, "au ni hapana?"

"Ni ndiyo," nikaiambia brashi.

*

Jumapili ile mchana Mwalimu alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na picha kwapani, imefungwa kwa gazeti. Baba ndiye aliyekuwa ametuma aambiwe aje nayo. Shangazi naye alikuwepo, ameshawahi kiti cha kivulini pale uani, chenye kuona kila kitu.

Salamu zilikwenda vizuri. Maji yakaletwa. Kisha baba akasema, "Tuione."

Mwalimu akaiegemeza picha juu ya kiti, mbele ya ukuta. Nilisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, kama kawaida yangu. Baba akatoa uzi wake mfukoni, akaunyoosha mkono, akauning'iniza mbele ya picha. Kile chuma kikayumba, kikatulia. Uzi ukashuka wima. Ukuta wa nyumba yetu, kwenye picha, ukaenda zake upande.

"Mwalimu, unauona uzi?"

"Nauona, mzee."

"Na ukuta?"

"Nauona."

"Hiyo nafasi iliyopo katikati yake, mimi kwenye kazi yangu namfukuzia fundi."

"Na anga hilo la kijani," shangazi akadakia. "Tangu lini anga likawa kijani?"

"Jua lilikuwa linazama, shangazi," Mwalimu akajibu kwa heshima.

"Hata likizama. Mbuzi wangu kila siku wanarudi wakati huo, na hakuna hata mmoja aliyesimama akataka kulila anga."

Mama akakohoa kuficha kicheko. Baba hakucheka.

"Sikiliza, kijana. Leo nimeipima nyumba yangu pande zote. Imenyooka. Kwa hiyo kilichopinda ni jicho la mwanangu. Nilimpeleka chuoni akiwa na jicho lililonyooka, akatoka nalo hivyohivyo, linampa riziki. Amekuja kwako, limepinda." Akaukunja uzi kiganjani. "Najua kilichokuleta leo. Lakini mimi nitakupaje binti? Akikaa kwako utamfundisha kuona nini kingine ambacho hakipo?"

Niliona vidole vya Mwalimu vikishika magoti. Nilijua anachotaka kusema. Kuhusu rangi huwa anaweza kuzungumza mpaka watu wapige miayo. Lakini akanitazama mimi pale mlangoni, kidogo tu, na yale maneno yake yote akayameza.

"Mzee, kama kuna kosa ni langu," akasema. "Yeye hana kosa. Kama ukuta ukinyooka utaniruhusu nije na wazazi wangu, nitaunyoosha mimi mwenyewe. Leo hii. Hapa hapa mbele yako."

Shangazi akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Baba akafikiri. "Na anga?"

Mwalimu akakawia. "Na anga, mzee."

Mtu huyu, aliyenisubiri nikitazame kivuli mpaka nikione, alikuwa tayari kuipaka chokaa picha yangu yote kwa ajili yangu. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilijua nikikaa kimya nitakuwa nimempoteza hata akinioa.

"Hapana," nikasema.

Wote wakageuka. Nadhani hata mimi nilitaka kugeuka nione nani kasema.

"Hapana nini?" baba akauliza.

"Ukuta usinyooshwe. Ni mimi niliyeuchora, baba. Mwalimu hakuugusa." Nikashika fremu ya mlango. "Na sikuupindisha. Nilivyouona ndivyo."

"Uliuona wapi umepinda?"

"Kilimani." Nikavuta pumzi. "Unakumbuka nilivyokuwa narudi shuleni peke yangu? Wenzangu walikuwa wananitania kwa sababu siongei. Nilikuwa nateremka kichwa chini, natazama mawe tu. Nikifika kwenye kona nainua macho naiona nyumba yetu. Kutoka pale juu, baba, haikuwa imesimama. Ilikuwa imeinama. Kama wewe ulivyokuwa unainama kuninyanyua."

Shangazi akaigeukia picha.

"Mjini nimechora nyumba nyingi. Zote zimesimama, na nashukuru, maana ni wewe uliyenishikisha rula ya kwanza. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayonipokea. Hii ilikuwa inanipokea kila siku. Uliyeijenga ni wewe, na mimi sijawahi kukwambia ahsante, kwa sababu maneno yenyewe hayanitoki, unanijua. Nimepata pa kuyaweka baada ya Mwalimu kunifundisha rangi." Sauti ikaniishia. "Mkiunyoosha huo ukuta mtakuwa mmeyafuta."

Baba aliutia uzi mfukoni. Akasogea karibu na picha, akainama, mikono nyuma, kama anavyokagua lipu iliyokauka. Akatazama muda mrefu.

"Hii rangi ya machungwa," akasema mwishowe, sauti imekuwa nzito. "Hapa chini ya mlango. Na huku kwenye paa. Ni ya nini?"

"Inapakwa mwanzo kabisa, baba. Ubao mzima. Zote zilizobaki zimekaa juu yake."

"Kumbe ni msingi."

"Ndiyo, ni msingi."

"Sisi msingi tunaufukia," akasema. "Watu wakishahamia hakuna anayeukumbuka."

"Mimi nimeuacha uonekane."

Baba akanyoosha kidole, bila kuigusa rangi, akaanza kukipitisha juu ya picha. "Huyu mwekundu jikoni ni mama yako. Hawa ni mbuzi wa shangazi yako."

"Wamenona kweli," shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kulisamehe anga.

"Na mimi je?" baba akauliza. "Mbona simo?"

"Ulikuwa kazini, baba," nikasema. "Siku zote ulikuwa kazini."

Akasimama wima. Akatutazama, akaitazama picha, akaingia ndani. Mwalimu akashusha macho kwenye viatu vyake. Mama akanipungia mkono nitulie, lakini nilishaanza kuhesabu gharama ya yale niliyoyasema. Ndani tukasikia kabati likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena.

Baba alitoka amevaa shati jeupe, lile la misiba na harusi. Mkononi ana kiti. Akakiweka kando ya mlango, juani, akakiangalia kama kimekaa sawa, akakikalia, mikono juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Niwekeni."

Hakusema "niweke". Alisema "niwekeni". Nilimtazama Mwalimu, naye akanitazama, na hatukuthubutu kutabasamu.

Nikakimbilia boksi langu ndani. Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya picha, Mwalimu akapiga magoti kando yangu akanikamulia rangi.

"Mtanipinda na mimi?" baba akauliza.

"Wewe ulishapinda siku nyingi," mama akasema. "Hebu ona huo mgongo."

Shangazi akacheka mpaka akapiga paja. Mdomo wa baba ukacheza.

"Baba, usicheke. Unanihamishia mdomo."

"Sicheki mimi."

"Na usigeuke. Tazama kule kilimani."

Akatazama kilimani. Nikaanza na shati. Halikuwa jeupe hata kidogo juani, lilikuwa na manjano begani na zambarau kwapani. Mwalimu alikuwa ananipa rangi kabla sijaitaja. Tulifanya kazi hivyo, kimya, mabega yetu yanakaribiana, na uani kwetu palikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuusikia mbele ya mgeni.

"Mwalimu," baba akaita. Hakugeuza shingo, alikuwa ameshaambiwa asigeuke, na baba hafanyi kazi nusu. Midomo tu ndiyo iliyosogea.

"Naam, mzee."

"Wazazi wako wapo hai?"

"Wapo, mzee."

"Afya?"

"Wazima wote wawili."

"Basi waje. Waje mchana. Nataka waione nyumba vizuri, mwanga ukiwepo."

Brashi ikanisimama mkononi.

"Kaka," shangazi akasema, "na lile anga la kijani unaliachia hivihivi?"

"Anga si kazi yangu," baba akamjibu. "Mimi najenga kuta."

Mama akainuka ghafla akaenda jikoni, akidai amesahau kitu motoni, wakati moto wenyewe ulikuwa umezimika. Nikasikia anaimba huko. Mimi sikuona tena picha wala shati. Vyote vilikuwa vimeyeyuka kwenye machozi, rangi juu ya rangi. Chini, pale boksi lilipokuwa linamkinga shangazi asione, mkono wa Mwalimu ukaja polepole.

"Naruhusiwa?" akanong'ona.

Sikuiambia brashi safari hii. Nilimtazama yeye usoni, nikatikisa kichwa kukubali, na vidole vyake vikafunga vyangu, na rangi ya manjano ikabanwa katikati ikatoka pembeni.

"Bado tu?" baba akauliza, macho yake kilimani, jasho likimtiririka shavuni kwa utiifu. "Shingo inakufa ganzi."

Nilikuwa nimeshammaliza zamani. Alikuwa amekaa pale kwenye picha kando ya mlango wake, na shati lake la manjano na zambarau, anang'aa.

"Bado, baba," nikasema. "Usigeuke. Bado kidogo tu."